Nguvu, Kani na Kazi: Uhakiki wa Lugha ya Fizikia ya Mwanzo katika Kiswahili

Mjadala wa Kiswahili na sayansi umekuwa, kwa zaidi ya nusu karne, mjadala wa majina. Aulizwapo mtetezi wa lugha hii iwapo yaweza kubeba fizikia, hufungua kamusi na kuonyesha kuwa kila jina la Kiingereza limekwisha kupatiwa mwenzake. Naye mpinzani hutafuta jina moja ambalo bado halijapatiwa mwenzake, hulipata, na huondoka ameridhika. Wote wawili wanasimama juu ya dhana ile ile, kwamba lugha ya sayansi ni orodha, na kwamba orodha ikijaa lugha imekamilika. Dhana hii imewafanya wataalamu wa istilahi wapime kila neno peke yake, kama mtu apimaye sarafu kwa kuigonga mezani, bila ya kuuliza neno hilo litasema nini likiingia katika sentensi pamoja na kitenzi chake. Sehemu ya fizikia inayohusu kani, mwendo na kazi ndiyo inayoonyesha kasoro hiyo waziwazi, kwa sababu mambo yake yote tayari yana maneno ya kila siku, na maneno hayo yana kauli zake kabla mwalimu hajafungua kitabu.

Kazi iliyofanywa Tanzania haina budi kutajwa kwanza, maana bila ya hiyo pasingekuwa na kitu cha kuhakikiwa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyorithi kazi za Kamati ya Lugha iliyoanzishwa 1930, ilichukua jina hilo mwaka 1970. Kiswahili kilipokuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za nchi hiyo, somo la Sayansi lilihitaji maneno mara moja, wala halikuweza kungoja wanaisimu wakubaliane. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa kamusi ya istilahi za ufundi, na mwaka 1990 Taasisi ikachapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kati ya juhudi hizo paliingia Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta, iliyopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika shule za sekondari tangu 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake ni kwamba istilahi za fizikia zilibaki kutumika kwa vitendo katika madarasa ya chini tu, na zile za juu yake hazikupata kusemwa darasani mara nyingi kiasi cha kusuguliwa na vinywa vya watu. Istilahi isiyosemwa haikosolewi, na isiyokosolewa hubaki jinsi ilivyotoka mezani kwa kamati.

Basi na zipelekwe mahali zinapoweza kukosolewa. Mutuini, upande wa magharibi wa Nairobi, katika eneo la Dagoretti Kusini, si mahali panapotajwa katika vikao vya istilahi. Hata hivyo pana mambo mawili yanayopafanya pafae. La kwanza ni ardhi yake: matuta na mabonde yaliyofuatana, njia za udongo mwekundu zipandazo na kushuka, na mikokoteni ipitayo humo na mitungi ya maji, magunia ya viazi, mabati na mbao za ujenzi. La pili ni lugha zake. Kikuyu ndicho lugha ya wenyeji (jina lenyewe la mahali lina mwisho wa mahali -ini, ndugu wa -ni ya nyumbani na sokoni); Kiswahili ndicho kinachowaunganisha na wageni waliohamia, na Kiingereza humngoja mtoto shuleni. Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976 msimamo wa Kenya umekuwa kwamba lugha ya eneo itumike katika miaka mitatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike somo lote isipokuwa lile la Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa hapa hukutana na kani na kazi mara mbili: mara moja mteremkoni, katika Kikuyu na Kiswahili, na mara ya pili ubaoni, katika Kiingereza. Hakuna aliyepewa jukumu la kumwonyesha kwamba ni jambo moja.

Na tuchukue mkokoteni wenyewe. Jina latokana na kitenzi kokota, na mwisho wake masikioni ni kama amri kwa watu wengi: kokoteni! Wakati wa masika, njia ikilowa, mkokotaji huinama mbele, akakaza misuli, na miguu yake ikateleza nyuma, mkokoteni hausogei. Watazamaji husemaje? Hawasemi kwamba nguvu zimemwisha. Nguvu anazo, zile zile alizokuwa nazo jana njia ilipokuwa kavu. Kilichopungua ni kitu kingine, nacho hakimo mwilini mwake wala hakimo katika mkokoteni: kimo baina ya nyayo zake na tope. Ardhi kavu humsukuma mbele kadiri yeye aisukumavyo nyuma. Ardhi iliyolowa haimsukumi kiasi hicho. Hapo Kiswahili kinadai chenyewe maneno mawili, moja la kile ambacho mtu anacho na jingine la kile kitendekacho baina ya vitu viwili. La kwanza ni nguvu. La pili limependekezwa liwe kani.

Uteuzi wa kani umelaumiwa mara nyingi kwa hoja kwamba ni neno geni kwa wasemaji wengi wa bara, na kwamba pale linapojulikana lina maana ya ubishi au ya kushikilia jambo kwa nguvu. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haina uzito inaopewa. Ugeni wa neno ni manufaa hapa, kwa kuwa neno la kila siku limekwisha kuharibiwa na vitenzi vyake. Nguvu huwa nazo mtu, hupata, hupoteza, huishiwa. Mpira unaobingirika uwanjani ukasimama husemwa umeishiwa nguvu, na jiwe lililorushwa huanguka kwa kuwa nguvu za mrushaji zimelitoka njiani. Huo si upuuzi wa wasiosoma. Ndivyo alivyofikiri Jean Buridan wa Paris katika karne ya 14, aliyeeleza kwamba mrushaji hutia ndani ya jiwe kitu kinachoendelea kulipeleka. Na hata Newton, katika kitabu chake cha 1687 kilichoandikwa kwa Kilatini, alitumia neno moja, vis, kwa kile kinachokitenda kitu kutoka nje na pia kwa ile hali iliyomo katika kitu ya kubaki kilivyo. Hermann von Helmholtz, alipoandika mwaka 1847 juu ya jambo ambalo leo huitwa uhifadhi wa nishati, alitumia neno la Kijerumani Kraft, ambalo katika fizikia ya leo ni kani. Kwa hiyo asemaye kwamba Kiswahili kinachanganya nguvu na nishati kwa sababu ni lugha changa katika sayansi, hajasoma historia ya lugha kongwe.

Kuna hoja ya sarufi inayoitetea kani vizuri zaidi kuliko hoja ya maana, nayo haielekei kutajwa. Fizikia ya mwanzo haiwezi kwenda hatua moja bila ya kuhesabu kani: kani mbili zinazokitenda kitu kimoja, kani tatu zilizo katika mlingano. Jina nguvu halihesabiki kwa urahisi. Husemwa nguvu nyingi, nguvu zake, nguvu za umeme, na upatanisho wa wingi huo ni wa kitu kilichorundikana, kama vile maji na mate. Msemaji aambiwaye nguvu mbili huuliza mbili zipi. Kani, kwa kutokuwa na mazoea hayo, hukubali kuhesabiwa. Hili ni jambo dogo katika kamusi na kubwa darasani.

Lakini hapa ndipo kazi ya kamati ilipoishia mapema mno. Kani ilipewa nafasi ya jina la Kiingereza, na sentensi zikaachwa zifuate sentensi za Kiingereza. Hivyo vitabu hueleza kani kuwa ni msukumo au mvuto, kisha hurejea katika lugha ya kumiliki: kitu kina kani, kani ya mtu, kani ya gari. Jina limebadilika na kosa limebaki. Kani ikisemwa kuwa na mwenyewe inageuka kuwa nguvu iliyovaa kanzu mpya. Kinachotakiwa ni kwamba kila itajwapo kani, vitajwe vitu viwili, kinachotenda na kinachotendwa, na lugha hii ina njia ya kuwalazimisha wasemaji wake wafanye hivyo.

Njia hiyo ni mnyambuliko wa vitenzi. Tazama istilahi mbili ambazo hakuna mtu anayezilalamikia: msuguano na mvutano. Zote zina kiambishi -an- cha kauli ya kutendana. Sugua ni kitendo cha mmoja juu ya mwingine. Suguana ni kitendo cha wawili. Msuguano ni jina la kile kitendekacho baina yao. Gurudumu linaisugua njia, nayo njia inalisugua gurudumu, na neno lenyewe limesema hivyo kabla ya kufafanuliwa. Ama mvutano wa dunia, neno hili limelipita kwa usahihi lile la Kiingereza lililotafsiriwa, ambalo asili yake katika Kilatini ni uzito tu, yaani hali ya kitu kimoja kuwa kizito. Kiswahili kimesema kwamba dunia na jiwe vinavutana. Jiwe linaivuta dunia! Mwanafunzi wa Newton huhitaji miezi kulikubali jambo hili, na hali msemaji wa Kiswahili amekuwa akilitamka bila ya kulisikia. Hakuna ushahidi wa kuonyesha kwamba waliolichagua neno hilo walikusudia falsafa yoyote. Yamkini sarufi iliwafanyia kazi wenyewe wakishughulika na mengine. Iwe iwavyo, istilahi mbili bora kabisa katika uwanja huu ni zile ambazo kitenzi kiliachwa kiseme.

Kanuni ya tatu ya Newton, basi, katika Kiswahili si fumbo: vitu viwili husukumana au huvutana, na kila kimoja humtenda mwenzake kadiri kinavyotendwa. Haifai kudai zaidi ya hapo. Kauli ya kutendana yasema kuwa tendo ni la pande mbili. Haisemi kuwa pande hizo ni sawa kwa kiasi. Watu wawili wakipigana, mmoja aweza kupigwa zaidi. Usawa wa kani hauna budi kufundishwa kwa maneno ya ziada, na mwalimu atakayeitegemea -ana peke yake atapata swali ambalo kila darasa duniani huliuliza: ikiwa mkokoteni unamvuta mkokotaji nyuma sawasawa na anavyouvuta mbele, kwa nini unasogea? Jibu linarudi kwenye tope. Kani hizo mbili haziko juu ya kitu kimoja. Ili kujua kama mkokoteni utasogea, huhesabiwa zile zinazoutenda mkokoteni tu. Ili kujua kama mtu atasogea, huhesabiwa zinazomtenda mtu, pamoja na ile ambayo ardhi humsukuma nayo nyayoni. Maelezo haya yote yanasemeka kwa vitenzi vya kawaida, sukuma, vuta, tenda, bila ya istilahi mpya hata moja.

Kanuni ya kwanza inasemeka vizuri zaidi bado. Kiswahili kina kauli ya kutendesha na kina kiambishi -ji- cha kujirejea, na vikikutana vinatoa sentensi ambayo Kiingereza hakiwezi kuisema kwa ufupi huo: kitu hakijiendeshi, hakijisimamishi wala hakijigeuzi. Kiendeshacho, kisimamishacho au kigeuzacho ni kingine, na hicho kukitenda ndiko kani. Hapo mpira ulioishiwa nguvu unapata hukumu yake: haukujisimamisha, umesimamishwa na nyasi na hewa. Mtoto wa Mutuini asiyekuwa na Kiswahili kingi hatakwama hapa, kwa sababu Kikuyu kina vyombo hivyo hivyo. Hinya wake ni nguvu zile zile za kumilikiwa, wira wake una utata ule ule wa kazi, na -ana ya kwendana ndiyo -ana ya kupendana. Ni vigumu kuona ni kwa nini urithi huu wa pamoja wa lugha za Kibantu, ambao kila idara ya lugha huufundisha katika mwaka wa kwanza, umeachwa nje ya chumba cha fizikia.

Sasa kuhusu kazi, ambalo ndilo neno gumu kuliko yote na ndilo lililopita kamatini bila ya ubishi. Linafanana mno na mwenzake wa Kiingereza, na mfanano huo uliwalaza watu usingizi. Katika Kiswahili kazi ni ajira: ana kazi Nairobi. Ni manufaa ya kitu: kazi ya moyo ni kusukuma damu. Ni taabu: kupanda kilima hiki ni kazi. Ni tunda pia la shughuli, kama asemapo mtu kuwa hii ni kazi ya seremala fulani. Fizikia haitaki hata moja kati ya hizo. Inataka zao la kani na umbali ambao kitu kimesogea kufuata mwelekeo wa kani hiyo, linalopimwa kwa jouli.

Mpagazi amesimama na gunia la kilo 50 mabegani akingoja mkokoteni ufike. Anaihimili kani ya nyutoni 500 hivi kwa dakika 10. Kazi aliyoifanyia gunia, kwa fizikia, ni jouli 0. Akitembea nalo katika njia tambarare kwa mwendo usiobadilika, kani anayolishikilia nayo yaelekea juu na gunia laenda mbele. Kani hiyo bado haijalifanyia gunia kazi. Jasho linamtoka, mwili wake unatumia nishati na kutoa joto, na mwenye gunia atamlipa, lakini jouli za gunia hazijaongezeka. Mwambie maneno hayo kwa neno kazi, naye ana haki ya kukasirika. Hapa si suala la ujinga wake wa fizikia. Neno kazi lina madai ya haki ndani yake, na fizikia imelichukua ikaacha madai hayo mlangoni. Wafaransa walipofanya hivyo kwa neno lao, Gaspard-Gustave de Coriolis katika kitabu cha 1829, jambo lililokuwa likitafutwa lilikuwa kipimo cha matokeo ya mashine: maji yainuliwayo, mizigo ipandishwayo. Waliolipokea neno katika Kiingereza walirithi kipimo hicho pamoja na mazingira yake ya viwanda. Kiswahili kilipokea kipimo bila ya mazingira.

Je, neno libadilishwe? La. Limekwisha kuenea katika vitabu vya shule za msingi, na kulibadilisha sasa ni kuongeza vurugu. Lakini haikuwa lazima liachwe peke yake, maana lugha ina vitenzi viwili vinavyotenganisha barabara kile ambacho fizikia inakitenganisha. Kuhimili ni kuupokea uzito bila ya kuusogeza. Kuinua ni kuusogeza. Anayehimili anatoa kani pasi na kazi; anayeinua anatoa kani na kazi. Gunia lile likiinuliwa kutoka chini hadi begani, mita moja na nusu, kazi ni jouli 750; likihimiliwa siku nzima, ni sufuri. Himili ina asili moja ya Kiarabu na hamali, mchukuzi wa bandarini, kwa hiyo kitenzi hiki hakikutoka kwenye maktaba bali kwenye bega. Kitabu ambacho kingeanza somo la kazi kwa kuweka himili na inua upande kwa upande kingeokoa kurasa kadhaa za maelezo. Badala yake, somo huanza na fasili, na fasili hufuatiwa na hesabu.

Na hesabu zenyewe si mbaya, zikiletwa mahali pake. Mkokoteni wenye kilo 300 ukipandishwa mteremko unaoinuka mita 1 kwa kila mita 10 za njia, kwa kukadiria na bila ya kuhesabu msuguano, wahitaji kani ya nyutoni 300. Katika mita 50 za njia hiyo kazi ni jouli 15,000. Mtu angetaka kuuinua wima mita 5 zile zile angehitaji nyutoni 3,000, na kazi ingekuwa ile ile jouli 15,000. Mteremko humpunguzia mtu kani, haumpunguzii kazi. Sentensi hii ya mwisho haiwezekani kabisa kwa asiyetenganisha nguvu, kani na kazi, na inaeleweka papo hapo kwa aliyezitenganisha. Wakokotaji huijua kwa miguu: wengi hupanda kwa kukata njia upande huu na upande huu, wakirefusha umbali ili wapunguze kani.

Istilahi nyingine zaweza kupitiwa haraka. Egemeo, kwa pale wenzo unapoegemea, ni neno lisilo na kasoro. Limetoka katika kitenzi na linaonyesha mahali pake. Jitihada, lililotumika kwa kani inayotiwa kwenye wenzo, halifai, kwa kuwa ni sifa ya mwenye nia, na jiwe lililotundikwa upande mmoja wa wenzo halina nia. Kanieneo limebuniwa kwa ustadi wa kuunganisha, lakini kiungo kimefichwa: msikilizaji hajui kama kani imezidishwa kwa eneo au imegawanywa, na tofauti hiyo ndiyo dhana nzima. Wakati huo huo hospitalini husemwa shinikizo la damu, neno lililotokana na kitenzi na linaloeleweka, na hakuna aliyewaambia wagonjwa kwamba shinikizo na kanieneo ni kitu kimoja. Uzito na tungamo vitaendelea kugombana maadamu sokoni kilo ni uzito; katika jambo hili Kiswahili hakina dhambi kuliko lugha nyingine. Mwendokasi, tangu mabasi ya Dar es Salaam yaanze kuitwa hivyo mwaka 2016, limekuwa jina la chombo cha usafiri, na mwalimu wa fizikia wa mji huo hana budi kulichukua kwa ucheshi.

Mchapuko lastahili kusimamishwa kidogo. Chapuka ni kwenda upesi; jina lililotokana nalo lasikika kuwa ni upesi wenyewe, wala si badiliko la upesi. Zaidi ya hayo, katika fizikia mkokoteni unaozuiwa usiporomoke una mchapuko, na unaopinda kona bila ya kuongeza mwendo una mchapuko, na katika hali zote mbili hakuna mtu atakayesema kuwa umechapuka. Badiliko la mwendo lingeeleweka na wote, ijapokuwa ni maneno matatu. Upendeleo wa istilahi ya neno moja umetokana na mazoea ya kamusi, ambamo neno moja la mkono wa kushoto hutaka neno moja la mkono wa kulia.

Yapo mapingamizi, na lile la nguvu zaidi ni la Kenya. Husemwa kwamba nchi hii imeamua: fizikia ni ya Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, na mtoto wa Mutuini atakayejifunza kani kwa Kiswahili atakuwa amejifunza kitu asichoulizwa. Wazazi wake, wanaolipa karo kwa shida, wana haki ya kuuliza faida iko wapi. Pingamizi hili halijibiwi kwa kutaja Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, iliyokifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, kwani ibara haimfaulishi mtu mtihani. Linajibiwa kwa mpira ulioishiwa nguvu. Wazo hilo litamfuata mtoto hadi katika Kiingereza. Atakariri kanuni kwa Kiingereza na kuendelea kufikiri kuwa jiwe lililorushwa limebeba nguvu za mrushaji, kwa sababu hakuna aliyelikuta wazo hilo katika lugha linamokaa. Lugha ya mtihani haiwezi kung'oa kilichopandwa katika lugha ya mteremko.

Lakini lawama kubwa haiwaangukii walimu wa fizikia. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa nchini Kenya, na mitaala iliyoufuata imelishikilia. Idara za Kiswahili zimekuwa na darasa, muda na mtihani. Vifungu vya ufahamu vimekuwa juu ya uadilifu, mazingira, ukimwi na ufisadi, na ni vema. Kuhusu kwa nini gurudumu huzunguka na tope huteleza, ni nadra. Istilahi za sayansi zimechukuliwa kuwa sehemu ya leksikografia, zikapewa mhadhara mmoja na orodha ya njia za kuunda maneno: kutohoa, kuunganisha, kufupisha, kunyambua. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuichambua kauli ya kutendana katika tenzi za karne ya 19 na kutaja mizizi yake katika Kibantu cha zamani. Neno msuguano hutajwa humo kuwa mfano wa jina litokanalo na kitenzi, pamoja na mapigano na makubaliano, kisha mhadhiri huendelea na kauli inayofuata.